Jina kwa Herufi Nyeupe

Mgeni aliingia kwenye tovuti saa nne asubuhi, na hadi saa kumi alasiri alikuwa hajatoka.

Mwalimu alidhani ni hitilafu. Alishusha miwani hadi ncha ya pua akausogelea ukurasa wa takwimu, kama alivyozoea kulisogelea daftari la mtoto mwenye mwandiko wa kuku. Mgeni mmoja. Wimbo namba kumi na tisa. Saa sita bila kuondoka. Mahali alipo: patupu.

"Labda wimbo umembembeleza, kasinzia," alijisemea, akacheka peke yake.

Alikuwa amestaafu kufundisha chekechea. Yeye na wastaafu wenzake wanne walikusanya nyimbo za kubembelezea watoto katika madaftari na kuziweka mtandaoni kwa kujitolea, wasilipwe hata asante. Lakini tovuti yao ilikuwa kama duka lililofunguliwa uani: bidhaa nzuri, mlango haujulikani. Aliyewahifadhia tovuti hiyo bure alikuwa amewaambia kwamba wasipofikisha wasomaji mia tano mwezi ule, angeifunga. Ndipo Mwalimu akamwomba wifi yake, mke wa mdogo wake, aliyekuwa msanifu katika duka la uchapaji.

"Haya, wifi, hii ni tovuti au nguo zimeanikwa?" wifi aliuliza alipoiona. "Rangi saba ukurasa mmoja!"

"Watoto wanapenda rangi."

"Watoto hawasomi takwimu. Nipe hayo madaftari yako, kisha kaa pembeni."

Kwa juma moja wifi alibakiza rangi mbili, akapunguza uzito wa picha ili kurasa zifunguke haraka, akaupa kila wimbo kichwa chake. "Na kuna mambo madogo ya kuifanya ipatikane watu wanapotafuta," alisema. "Hayo usiyaulize. Ni ya mafundi."

Sasa Mwalimu alizima kompyuta, na hapo ndipo aliposikia harufu. Maziwa yaliyochacha. Si ya jikoni. Ilikuwa ile harufu ya kwenye kifua cha mama anyonyeshaye, ila imekaa siku nyingi, na katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyenyonyesha.

Aliifuata hadi chumba cha mjukuu wake. Mtoto huyu wa miaka mitano alishinda naye kila siku, mama yake akiwa kazini hospitalini. Kwa kawaida alilala nusu saa baada ya chakula. Leo alikuwa amelala tangu saa saba, na ilibidi bibi yake amtikise mara nne ndipo akafumbua macho.

"Bibi, yule mama hana mtoto?"

"Mama yupi, mume wangu?"

"Anayekaa hapo miguuni. Anasema umemwita."

"Mimi? Sijamwita mtu."

Mtoto alipiga miayo. "Umemwita mara mia tatu. Alihesabu."

Mwalimu alimpakata. Alikumbuka wimbo namba kumi na tisa, na bikizee aliyempa wimbo ule kabla hajafariki. Kila ubeti uliishia na jina, lakini jina lenyewe halikutamkwa. Mwimbaji alifumba mdomo na kuguna mahali pake. "Ni mama asiye na mwana," bikizee alimweleza. "Huwabembeleza wa wenzake hadi wasiamke. Sisi tunamwimbia apite. Hatumkaribishi." Kisha akalinong'ona jina mara moja, ili Mwalimu ajue anachokiruka. Na Mwalimu, ambaye maisha yake yote hakuvumilia pengo katika daftari, alipofika nyumbani alilijaza kwa penseli. Hapa halitaandikwa.

Alipopigiwa simu, wifi alikuja akikimbia, khanga begani. Walizungumza kwa kunong'ona, mtoto akiwa amesinzia tena mapajani mwa bibi yake.

"Lile jina la penseli ulilifanyaje?"

"Niliona watu wanalitafuta mtandaoni, wifi. Nikaliweka chini ya wimbo, herufi nyeupe juu ya nyeupe. Msomaji halioni, ila injini ya kutafutia inalisoma. Ni ujanja wa zamani tu."

"Umeliweka mara ngapi?"

Wifi aliiwasha kompyuta. "Mia tatu."

Aliufungua ukurasa, akaburuta kishale juu ya ule weupe, na jina likajitokeza mstari baada ya mstari. Kisha akafungua takwimu. Mgeni alikuwa bado yumo. Pale palipokuwa patupu sasa palisomeka jina la mtaa wao.

"Mwamshe mtoto," wifi alinong'ona. "Wifi, mwamshe!"

Hakuamka. Alipumua taratibu, mashavu yakiwa ya moto, na midomo yake iliyofumbwa ikaguna sauti ya wimbo ule, akikatiza pale hasa penye pengo. Na kila alipokatiza, kutoka chumbani ambamo hapakuwa na mtu, sauti nyororo ya mwanamke ililijaza pengo.

Walimpigia binti wa yule bikizee, mkunga mstaafu, naye akafika kabla jua halijazama. Alinusa hewa mlangoni, akavua viatu.

"Nani aliandika?"

"Mimi, mama," wifi alisema. "Nitayafuta yote kwa mara moja, ni kubonyeza tu."

"Yeye aliitwa mara moja?"

"Nilinakili tu, mama."

"Wewe ulinakili. Yeye alisikia kila moja. Futa moja moja. Na wewe Mwalimu, mwanangu, imba. Ukifika penye jina, guna. Ukiteleza ukalitaja, huyu mtoto si wako tena."

Wifi akaanza kufuta, na Mwalimu akaimba, na mkunga akakaa kizingitini akiwa amemshika mtoto miguu yote miwili kama anavyoshikwa aliyezaliwa sasa hivi, na kadiri majina yalivyopungua ndivyo harufu ya maziwa ilivyozidi hadi machozi yakawatoka, na ile sauti ya chumbani ikawa inasogea, sasa iko mlangoni, sasa iko nyuma ya kiti, sasa iko sikioni mwa Mwalimu kabisa, ikimtajia jina kwa upole kila alipofika kwenye pengo, kama mwalimu anavyomnong'oneza mtoto jibu ambalo liko ncha ya ulimi, naye akaguna, akaguna, huku meno yakimuuma kwa kuyakaza, mpaka wifi akasema kwa sauti iliyokauka, "La mwisho."

Akabonyeza.

Mtoto alifumbua macho akaomba maji.

Usiku ule Mwalimu alichukua ufutio na kulisugua jina la penseli hadi karatasi ikatoboka. Takwimu zilionyesha sifuri. Hajawahi kuifurahia sifuri namna ile.

Siku ya tatu wifi alipiga simu. "Wifi, umeona? Wasomaji mia tano na kumi na mbili! Tumekuwa wa kwanza kwenye utafutaji." Kisha akashusha sauti. "Ila injini imehifadhi nakala ya ukurasa kama ulivyokuwa, na majina yake yote mia tatu. Itachukua siku kadhaa kuusahau."

Mwalimu alifungua takwimu. Wageni walikuwa wengi, wote kwenye wimbo namba kumi na tisa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akitoka. Chini ya wimbo palikuwa na maoni mapya, ya mama wa mbali asiyemjua:

"Asanteni kwa wimbo huu, Mungu awabariki. Mwanangu analala vizuri mno, tangu jana mchana hajaamka. Naomba kuuliza tu, ni nani anayeimba sauti ya pili?"

Mwalimu aliyasoma mara mbili. Katika tovuti yao hapakuwa na sauti yoyote. Yalikuwa ni maandishi matupu.