Nusu ya Jeconia

Nilifika getini wakati wafanyakazi wanatoka. Jua lilikuwa linazama nyuma ya viwanda vya Thika, na Trizah amelala mgongoni kwangu. Nilikuja kuchukua kitu kidogo tu. Video ya mume wangu.

Jeconia alifanya kazi katika kiwanda hicho cha magunia mpaka siku boila ilipopasuka. Simu yake iliungua pamoja naye. Nilibaki na picha za harusi, na picha hazisemi. Lakini Krismasi ya mwisho, kikundi chao cha maombi kilirekodiwa kikituma salamu kwa familia. Wangeci, dada anayeshughulikia kompyuta pale kiwandani, aliniambia salamu hizo bado ziko kwenye seva, ile kompyuta kubwa inayohifadhi mambo yote ya ofisi. Kesho yake asubuhi ingefutwa, kwa sababu walikuwa wameleta mpya.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia Wangeci.

Kwetu Bungoma, mtu akifia mbali huitwa kutoka mahali alipoanguka. Unasimama pale, unataja jina lake, unamwambia twende nyumbani. Halafu unatembea naye polepole, usimwache nyuma. Siku tuliyomsafirisha Jeconia, wakubwa wa kiwanda walikataa kutufungulia geti. Gari la maiti lilingoja, likaondoka. Tulizika mwili. Tangu hapo, kila nikimpigia mama mkwe simu, ananiambia neno moja.

"Hajafika."

Na Trizah, kila giza likianza kuingia, huketi sakafuni mbele ya mlango wetu kule Gitothua. Anamngoja baba yake.

Pale alipoanguka wameshamwaga simiti na kuweka boila nyingine. Nilipomweleza mama mkwe habari za seva, aliniuliza mara mbili kama ni sauti yake kweli.

"Kama sauti yake iko hapo," akasema, "basi mwite hapo."

Musau, mlinzi, hakuruhusiwa kuingiza mgeni saa hizo. Alimtazama mtoto, akatazama pembeni, akafungua. Aliomba tu tusikawie, maana alipaswa kufunga jengo kabla msimamizi hajapita.

Chumba cha seva kilikuwa kidogo na baridi sana. Kabati refu jeusi lilisimama katikati, limejaa taa ndogo za kijani, likivuma. Wangeci alivua sweta lake akamfunika Trizah. Stuli ilikuwa moja, akanipa mimi. Alikuwa amekuja na diski yake ya kubeba, na alikuwa amefuta picha zake mwenyewe ili nipate nafasi. Video hazikuwa na majina, nambari tu, kwa hiyo tungechukua zote, nimtafute Jeconia baadaye nikiwa nyumbani.

Akachomeka diski. Akaanza kunakili.

Alipoinama kuokota kifuniko cha chupa ya chai, nilisogeza mdomo karibu na lile kabati.

"Jeconia. Twende nyumbani."

Kasi ikaanguka.

Mstari wa kijani kwenye skrini ulikuwa unakimbia vizuri. Sasa ukasimama. Ukasogea kidogo. Ukasimama tena...

"Ngai, hii nayo ni nini," Wangeci akanong'ona.

Alihamisha kebo kutoka tundu la mbele hadi la nyuma, akisema lile la mbele ni la zamani na huchelewesha. Haikusaidia. Akazima kwa muda programu inayokagua virusi, kwa maana hiyo hufungua kila faili na kuichungulia kabla ya kuipitisha. Haikusaidia. Akaikagua diski yenyewe aone kama imechoka. Ilikuwa nzima.

Nje kulikuwa kumeanza kuwa giza. Nilisikia funguo za Musau zikigongana ngazini.

Wangeci akabadilisha kitu cha mwisho. Alinieleza taratibu, kama mtu anayejali kueleweka. Seva ilikuwa inaandika kidogo kwenye diski, inangoja ijibiwe, ndipo inaandika tena. Sasa ameiruhusu ibebe mzigo mwingi kichwani mwake kwanza, iushushe ikiendelea. Itaonekana kwenda mbio. Ila kuna hatari moja.

"Mama Trizah, usichomoe mpaka nikuambie. Hata ikiandika imemaliza. Kuna vitu vitakuwa bado viko njiani."

Mstari ukakimbia. Musau akaita kutoka chini, na Wangeci akashuka kwenda kumbembeleza atuongezee muda.

Nikabaki na mtoto.

Skrini ikaandika imemaliza. Lakini taa ya diski ilikuwa bado inapepesa... inapepesa...

Ndipo harufu ikaja. Gunia bichi linaloungua. Halafu, chini ya harufu hiyo, sabuni ya kipande aliyokuwa akiogea Jeconia.

Nyuma ya kabati, buti likagusa sakafu.

Kisha lingine.

Trizah akaamka mgongoni kwangu. Hakulia. Nilihisi mikono yake ikinyooka kuelekea nyuma, kama mtoto anayetaka kubebwa.

Na mtu akasema, karibu na sikio langu, kwa sauti iliyokauka:

"Ngoja."

Nilichomoa diski. Nikakimbia. Nilipishana na Wangeci kwenye ngazi na sikuweza hata kumshukuru. Sweta lake bado ninalo.

Jirani yangu Dianah ana kompyuta. Tulifungua faili moja baada ya nyingine. Salamu za wengine zote zilikuwa nzima. Za Jeconia zilikuwa za mwisho. Anatokea akitabasamu, upande mmoja wa uso wake. Upande wa pili ni kijivu kitupu.

"Trizah, baba ana..."

Hapo inakatika.

Siku chache baadaye nilimpigia Wangeci. Hakunilaumu. Alisema diski ikichomolewa mapema hutokea hivyo, kilichokuwa njiani kinapotea, ni mambo ya kompyuta tu. Nikamwomba anakili tena. Haikuwezekana. Seva ilikuwa imefutwa kesho yake asubuhi, kama ilivyopangwa, na kubebwa. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna mtu niliyemwacha kwenye kile chumba. Musau anakataa sasa kupita pale jioni. Anasema kuna buti moja linalotembea ndani, huku na huku, kama la mtu anayetafuta kitu.

Moja tu.

Mimi ninajua lingine liko wapi.

Giza likianza kuingia, linapanda ngazi zetu hapa Gitothua. Hatua moja. Halafu kimya, mahali ambapo mguu wa pili ungekanyaga. Hatua moja. Kimya. Linafika mlangoni na ile harufu inapenya chini.

"Tri..."

Mwanangu anaegemeza shavu kwenye mbao. "Baba, malizia," anamwambia kwa upole. "Malizia, baba."

"Tri..."

Nimeshafungua mlango mara nyingi. Hakuna mtu wa kumkaribisha. Nikifunga, anaanza upya.

Aliniambia ningoje. Alikuwa njiani, anakuja, na mimi mkewe nilimkimbia.

Jana mama mkwe alipiga simu. Aliuliza kama amefika. Nilitaka kumjibu. Lakini jioni ilikuwa imeingia, na ngazini hatua ya kwanza ilikuwa imeshasikika, na mimi, kama kila siku, nilikuwa nimebana pumzi nikingoja ya pili.