Boma Lisilo na Lango

Jumatatu asubuhi, ramani ilionyesha boma la kale mahali ambapo Kavindu alikuwa ameanika nguo.

Alidhani ni kosa la mashine. Kazi yake ilikuwa kutafuta mahali walipokaa watu wa zamani katika vilima vya Ikutha. Msaidizi wake, Mulinge, alirusha droni, droni ikapima ardhi, kisha kompyuta ikaondoa miti na vichaka hadi ikabaki ardhi tupu. Ukiimulika kwa mwanga wa ubavuni, tuta lililosawazishwa na mvua za miaka mingi, ambalo ng'ombe hulikanyaga bila kulihisi, linajitokeza wazi. Kavindu alikuwa amepata maboma kumi na manane kwa njia hiyo. Yote yalikuwa ya mviringo, na karibu yote yalikuwa na pengo upande wa mteremko, palipokuwa lango. Moja tu, lililo juu kabisa ya kilima, halikuwa na pengo popote.

Sasa hili lilikuwa la kumi na tisa, na katikati yake ilikaa nyumba aliyopanga.

"Hii ulirusha wapi?" alimuuliza Mulinge.

"Hapa hapa nyumbani, madam. Si kila asubuhi lazima nijaribu kamera kwanza?"

Walifungua picha ya Jumapili. Duara lilikuwepo, hafifu, na pengo lake la kuelekea barabarani lilikuwa na upana wa hatua ishirini. Jumatatu lilikuwa hatua kumi na mbili. Kavindu alitoka nje akatembea palepale tuta lilipopaswa kuwa. Ardhi ilikuwa tambarare, kuku wakichakura. Kitu pekee kilichokuwepo ni harufu ya maziwa yaliyoungua, na siku hiyo hakuna aliyekuwa amechemsha maziwa.

Ndipo alipomkumbuka mama yake. Syokau alikuwa ametoka Kyuso kuja kukaa naye mwezi mmoja, na ni mwimbaji wa kwaya ambaye hata malaria haijawahi kumkosesha kanisa. Jumapili alitoka na Biblia mara tatu, na mara tatu akarudi kutoka kwenye kamba ya nguo. Mara amesahau leso, mara miwani. Mara ya tatu hakusema amesahau nini, aliketi tu. Kavindu alimcheka akamwambia uzee umeingia. Kicheko hicho kilimuuma baadaye.

Jumanne asubuhi pengo lilikuwa hatua tano. Kavindu alimkuta mama yake kando ya nyumba, amechuchumaa mbele ya mafiga matatu meusi, akikoroga.

"Mwaitu, unapika nini?"

"Muthokoi. Watoto wanangoja."

Sufuria ilikuwa tupu, hata punje moja ya mahindi haikuwemo. Mwiko ulikuwa umekwangua chini hadi kukang'aa.

"Watoto gani?"

Syokau alimshika mkono, akanong'ona, "Usiongee kwa nguvu. Mwenyewe atasikia."

Kavindu alirudi mbele ya nyumba damu ikimchemka. "Mulinge! Hayo mawe yametoka wapi?"

Mulinge alikiri kuwa ndiye aliyeyaleta. Kabla ya kurusha droni hutandazwa vitambaa vya alama chini, na kila kitambaa huwekewa mawe kisipeperushwe. Kule juu kilimani, ndani ya boma lisilo na pengo, alikuta mawe matatu mazuri, mazito. Yalimfaa, akayapakia kwenye pikapu kwa kazi ya kesho yake. Ijumaa gesi ilipoisha, Syokau aliyaona uani akapikia.

"Hukuuliza mtu?"

"Ni mawe, madam!"

Halima, mwenye nyumba, alikuwa amefika na ndengu zake za sokoni. Alizaliwa Ikutha, babu yake akiwa mtu wa pwani, na alipoyaona mafiga alisimama nje ya kamba ya nguo, hakusogea tena.

"Hayo ni ya yule aliyefunga lango," alisema kwa sauti ya chini. "Wakati wa njaa kubwa alikataa mke na watoto washuke kuomba chakula. Akaziba lango kwa miiba, wakaisha wote humo ndani. Nyinyi Wakamba mwaita aimu, sisi twasema ni jini. Jina halimsumbui. Anataka mke wa kupika."

"Basi narudisha mawe sasa hivi."

"Hapana! Mama yako amepikia hapo, yeye ndiye mwenye jiko. Mawe yakitangulia, atayafuata. Atoke yeye kwanza. Ngoja nimwite mjomba wangu kutoka Mwingi, anajua kumsomea jini Kurani. Atafika kesho."

Mulinge alirusha droni tena. Wakatazama duara likijichora kwenye skrini, zima, bila pengo.

"Kesho hakuna," Kavindu alisema.

Alichukua jembe na fimbo yake ya kupimia mahali, akasoma namba za mahali tuta lilipopita upande wa barabara, akasimama juu yake saa sita mchana, jua kali utosini. Hakuona kitu. Akapiga jembe. Jembe likanasa hewani kama limeingia kwenye kichaka, na alipolivuta mikono yake ikachanika hadi kwenye viwiko kwa miiba ambayo haikuwepo, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikamjaa puani, na ng'ombe wakaanza kulia kila upande ilhali mtaa mzima haukuwa na ng'ombe, na chini ya kilio cha ng'ombe kulikuwa na watoto wanaoomba, na juu ya vyote sauti ya mwanamume, kavu, ya Kikamba cha zamani, ikimuuliza ni nani amesema mtu atoke.

Kavindu aliogopa. Lakini pia alikuwa amekasirika, na hasira ilikuwa kubwa zaidi.

"Mimi nimesema!" alipaza sauti. "Huyu ni mama yangu, si mke wako! Wako ulimuua kwa njaa!"

Akalima. Halima alisoma Kurani kwa nguvu huko nje, Mulinge akashika fimbo mahali pake huku analia, na kwa pigo la mwisho jembe likaingia udongoni, udongo wa kawaida. Kavindu alikimbia, akamwinua mama yake kwa kwapa na kumpitisha hapo. Barabarani Syokau aliutazama mwiko aliokuwa bado ameushika, akautupa.

Mafiga yalirudishwa kilimani jioni hiyo. Kavindu alimwomba mama yake arudi Kyuso.

"Niende wapi?" Syokau alisema. "Nifukuzwe na mwanamume ambaye hata mahindi hana?" Akanunua sufuria mpya, akapika muthokoi, akaimba hadi majirani wakalalamika.

Ramani ya Jumatano ilionyesha ua wao ukiwa tambarare. Boma la kilimani sasa lilikuwa na pengo, upana wa jembe, na kwenye pengo hilo palikuwa na kinundu kidogo, urefu wa mtu aliyechuchumaa. Alhamisi kinundu kilikuwa hatua moja nje.

Mulinge alitaka wafute picha. Kavindu alizichapisha zote mbili, akazibandika ukutani, akachora mstari kutoka kinundu kimoja hadi kingine na kuandika tarehe.

"Toka basi," alimwambia mwenye boma, akiitazama ramani. "Jembe liko mlangoni."