Udongo wa Zizi la Zamani

Kila Jumamosi asubuhi Adero alifagia ua akirudi kinyumenyume, kutoka mlangoni hadi langoni, ili asiache alama za miguu. Nyanya yake, ambaye alimwita Dani kama watoto wengi wa Nyakach wanavyowaita nyanya zao, aliketi mlangoni akichambua maharagwe na kumwonyesha majani aliyoyaruka. Siku hiyo Adero alikuwa katikati ya ua pikipiki ilipoingia na kuchora mstari mrefu juu ya kazi yake yote.

"Pole, Mama," akasema Calvince, mwendeshaji wa bodaboda kutoka Katito. "Ua umesafika mno, nikadhani ni barabara mpya ya kaunti."

"Ya kaunti ingekuwa na mashimo," Dani akamjibu.

Abiria aliyeshuka alikuwa Bi. Lornah, mtaalamu wa udongo. Adero alipomwona, ufagio ulimponyoka.

Wiki tatu kabla ya hapo, Bi. Lornah alikuwa amefika shuleni kwa kina Adero na kuwapa wanafunzi wa Gredi ya Saba kazi. Kila mmoja atembee katika shamba la kwao, achimbe mahali kumi, kina cha shibiri moja, achanganye udongo huo kwenye beseni, kisha ajaze mfuko mmoja. Udongo ungepimwa kwenye maabara na matokeo yaingizwe katika hifadhidata, yaani mkusanyiko mmoja wa taarifa kwenye kompyuta, ambao Kenya na nchi kadhaa jirani zilikuwa zikiujenga pamoja.

Adero alichimba mahali pamoja tu. Nyuma ya nyumba palikuwa na zizi la zamani la marehemu babu yake. Ng'ombe walikwisha kitambo, lakini samadi yao ilikuwa imeoza ikawa udongo mweusi, laini, na sukuma wiki iliyoota humo ilimfika kifuani. Shamba lenyewe, kule mteremkoni, lilikuwa jeupe na gumu, na mahindi yake hayakuzidi ukubwa wa kidole gumba. Tangu mavuno hayo mabaya Dani alikuwa akisema, "Itabidi uende kwa mjomba wako Oluoch, kule mjini Mamboleo. Huko utakula ushibe."

Adero hakutaka kwenda. Aliwaza kwamba matokeo mazuri yangempa Dani moyo, na habari za Mamboleo zingekwisha.

Bi. Lornah alikaribishwa kiti, akatoa karatasi. "Mama, sijaona udongo kama wenu upande huu wote. Rutuba yake ni mara sita ya mashamba ya majirani. Jumatatu tunaingiza matokeo kwenye hifadhidata, nikasema nije kwanza niwaulize, mnaliwekea nini shamba hili?"

Mikono ya Dani ilisimama ndani ya maharagwe. "Msimu uliopita nilivuna madebe mawili," alisema polepole. Akageuza viganja vyake akavitazama. "Basi udongo hauna kosa. Mimi ndiye niliyeisha." Kisha akasema bila kuinua macho, "Adero, niletee simu nizungumze na Oluoch."

Adero aliingia ndani, akaiona simu juu ya meza, asiiguse. Akisema ukweli, Dani angeaibika mbele ya mgeni. Akinyamaza, angefungasha nguo zake, na Dani angebaki peke yake akiamini kwamba mikono yake imekufa. Alitoka mikono mitupu.

"Dani, si mikono yako. Ule udongo niliutoa zizini."

Kuku alianza kudonoa maharagwe na hakuna aliyemfukuza.

"Wote?" Bi. Lornah akauliza.

"Wote. Shambani sikufika. Nilitaka lionekane zuri, nisipelekwe Mamboleo."

Dani aliweka maharagwe kando. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na jembe, akamkabidhi Adero.

Walipanda mteremko wote watatu. Adero alichimba mahali kumi huku jasho na machozi vikichanganyika, na Bi. Lornah akimshikia beseni.

"Hatuwezi kuchimba kila shamba," Bi. Lornah alimweleza. "Kompyuta hutafuta miteremko inayofanana na huu, hapa kwetu, Uganda, Tanzania, halafu hukisia udongo wake kwa namba tulizonazo. Kuna mama huko ng'ambo ya mpaka, hakujui. Kwa ajili ya mfuko wako angeambiwa shamba lake halihitaji mbolea. Angepanda, akakosa mavuno."

"Sikumfikiria," Adero akasema.

"Hukujua kwamba yupo. Sasa unajua."

Baada ya wiki mbili Bi. Lornah alirudi na matokeo ya kweli. Udongo ulikuwa na asidi nyingi na rutuba kidogo. Walihitaji kutia chokaa ya shambani, samadi konzi moja katika kila shimo la mahindi, na kupanda maharagwe msimu unaofuata.

"Na samadi mnayo zizini," alisema. "Adero, kumbuka hili. Udongo uliochoka haumwaibishi mtu, na ukijulikana ulivyo unaweza kutibiwa. Ukiuficha, unaumia wewe, na anaumia pia mtu wa mbali usiyemjua. Sema ukweli hata kama si mzuri."

"Nitasema," Adero akaahidi.

Jioni hiyo yeye na Dani walianza kubeba samadi kwa mabeseni. Tangu ile Jumamosi Dani hakuwa ametaja udanganyifu ule wala Mamboleo, na ukimya huo ulimlemea Adero kuliko beseni.

"Dani, bado umenikasirikia?"

Dani alitua mzigo wake. "Nilikasirika siku moja. Siku zilizobaki nimekuwa nikitafuta namna ya kusema."

"Kusema nini?"

Dani alijifuta mikono kwenye leso. "Nilipokuwa nikisema Mamboleo utashiba, nilikuwa naogopa utalala njaa kwangu. Basi. Sikutaka uende hata siku moja, mjukuu wangu. Nataka ukae hapa na mimi."