Teksi Inayovuta Kulia

Yeshimebet alikuwa anavuka barabara ya wauza spea pale sokoni Merkato, ekseli begani, wakati teksi kuukuu ya buluu ilipopanda ukingo wa barabara, ikaangusha meza ya mama muuza vitunguu na kusimama shibri moja tu kutoka magotini mwake.

"We punguani! Macho umeyaweka rehani?"

Dereva akashuka. Shati jeupe limepigwa pasi hadi linakata, saa inang'aa, viatu havijui matope. Yeye Yeshi alikuwa ndani ya ovaroli la kijani lenye grisi mpaka kwenye viwiko, na vipuli vya dhahabu ambavyo hakuvivua hata akilala chini ya lori.

"Dada yangu, nisamehe. Si mimi, ni gari. Linavuta kulia, na usukani mzito."

"Gari linavuta, na mikono yako ina kazi gani? Kuvalia saa?"

Watu wakacheka. Yeshi akatua ekseli, akalipiga teke tairi la mbele la kulia, likabonyea.

"Upepo, bwege wewe. Upande mmoja tairi limejaa, upande mmoja limenywea. Unategemea liende wapi, kanisani?"

"Sasa nani atanijazia?"

"Mdomo si unao? Puliza."

Mwanamume akacheka mpaka akajishika ubavu. Yeshi hakuwa amezoea mwanamume anayetukanwa akafurahi, na hilo ndilo lililomponza.

Jina lake Dagnachew. Kesho yake akaja kwenye gereji aliyofanya kazi Yeshi na gari zima kabisa, eti anasikia mlio. Keshokutwa akaja na mkate wa moto uliofungwa kwenye gazeti. Mwisho akaacha visingizio, akawa anapiga simu tu.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula."

"Umekula bila mimi?"

"Kwani wewe ni mchuzi?"

"Yeshi wangu, siku moja utanijibu vizuri, nife kwa mshtuko."

"Basi ngoja nikuhurumie, uishi."

Alikuwa anampenda. Tuseme ukweli, alikuwa anampenda mpaka anajichukia, na jioni alisugua kucha zake kwa limau ili grisi isimwaibishe mbele ya mtu ambaye hajui hata boneti inafunguliwa wapi.

Jumapili moja Dagnachew akampeleka kwa mama yake. Yeshi akavaa gauni jeupe la pamba lenye nakshi kifuani, akasuka nywele, akapendeza kuliko alivyotaka. Bi Zenebech akampokea kwa mabusu ya mashavuni, akaleta sinia la mkate mpana wa injera na mchuzi wa dengu, kahawa inachemka pembeni. Kisha akauliza swali lake.

"Baba yako alikuwa anafanya kazi gani, mwanangu?"

"Mfua vyuma, mama. Majembe, visu, hata misalaba ya kanisa."

Bi Zenebech akavuta mtandio wake mweupe, akaufunika juu ya chakula ili macho ya mgeni yasikifikie.

"Inzi," akasema Dagnachew haraka. "Inzi wamezidi siku hizi."

Hapakuwa na inzi hata mmoja. Wafua vyuma wana jicho la husuda, wakitazama chakula kinageuka sumu, wakitazama mtoto anaugua: ndivyo wanavyosema watu wazima wenye simu za bei mbaya na watoto vyuo vikuu, wala hawaoni haya. Wanakatia nyama kwa visu vya mfua chuma, halafu wanamfichia sahani. Yeshi aliyasikia hayo tangu utotoni. Akanywa kahawa mpaka kikombe cha tatu, kama adabu ya mgeni inavyotaka, maana yeye alilelewa, akaaga.

Baada ya hapo simu zikapungua. Yeshi akadhani kuna mwanamke mwingine, akamtukana huyo mwanamke kimoyomoyo wiki nzima. Ikaja simu.

"Yeshi, gari limerudia. Usukani mzito kama nasukuma jiwe, na linavuta kulia tena."

"Umepima upepo?"

"Uko sawa pande zote." Akashusha sauti. "Mama anasema lilianza baada ya wewe kuja nyumbani."

"Anasema nini hasa? Usilambelambe maneno."

"Anasema umelitupia jicho."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi? Mimi niko katikati, mpenzi."

"Katikati ya nini, Dagnachew? Katikati ya mimi ni mtu na mimi ni mchawi? Lete gari kesho. Na mama yako mlete."

Bi Zenebech alikuja kweli, kwa sababu alitaka kushuhudia. Akasimama mlangoni mwa gereji, mtandio puani. Dagnachew alijua kwamba jibu la siku hiyo ndilo litakaloamua kama atatuma wazee kwa mjomba wa Yeshi kuposa. Yeshi naye alijua, na ilimchoma.

Akaliendesha gari kuzunguka mtaa, akashuka, akagusa magurudumu ya mbele. La kushoto vuguvugu. La kulia akaondoa mkono haraka.

"Breki ya kulia imeng'ang'ania, haiachii. Ndiyo inayovuta."

"Na uzito wa usukani?" akauliza Dagnachew.

Akainua mbele kwa jeki, akazungusha usukani. Bado mzito, basi si tairi. Akafungua fito zinazounganisha usukani na magurudumu, usukani ukazunguka kwa kidole kimoja. Gurudumu la kushoto likageuka laini. La kulia likagoma. Akalivua, akaingia chini, akafungua bolijointi, kile kiungo cha mviringo kinachogeuza gurudumu. Mpira wake wa kufunika ulikuwa umechanika, na ndani, badala ya grisi, kulikuwa na uji wa kijivu uliokauka, wenye chenga kama msasa. Uji huohuo ulikuwa umeganda kwenye pistoni ya breki, nayo imeshashika kutu.

Akautoa kwa kidole, akauonyesha. "Nani ameweka saruji humu?"

Bi Zenebech akapiga ishara ya msalaba. "Si saruji! Ni majivu matakatifu, ya kanisani. Nilikuwa nakanda na maji ya baraka, napaka kwenye gurudumu kila asubuhi. Upande wa kulia, ndio wa heri."

"Tangu lini, mama?"

Bi Zenebech akatazama chini. "Tangu ulipokuja kula."

Dagnachew akaruka kwa furaha kama aliyeshinda bahati nasibu. "Umeona, mama? Si jicho lake! Ni majivu!"

"Nimeona," akasema mama, na kwa kweli uso wake ulilegea, akamshika Yeshi mkono wenye grisi. "Nisamehe, mwanangu. Sasa nimeamini. Wazee waje Jumapili."

"Jumapili, kipenzi changu!" akasema Dagnachew.

Yeshi akautoa mkono wake polepole.

"Na kama ningekuta chuma kimechoka tu, Dagne? Hakuna majivu, hakuna kitu, kimechakaa kama vyuma vyote vinavyochakaa. Ningekuwa nani leo?"

Dagnachew akafungua mdomo. Akamtazama mama yake kwanza.

Hilo lilimtosha Yeshi. Akarudi chini ya gari, akasafisha, akabadilisha bolijointi, akapaka grisi, akaikwamua breki, akafunga kila nati kwa nguvu inayostahili, maana kazi yake hakuwahi kuifanya ovyo hata kwa mtu asiyefaa. Machozi yalimtoka huko chini, akayaacha yatoke.

Akatoka, akamtupia ufunguo.

"Yeshi, tafadhali, nipe nafasi..."

"Limenyooka. Nenda moja kwa moja, na usigeuke nyuma."