Pale Kobe Anapogeukia

Jioni ile muuguzi alirudi kutoka kazini miguu imevimba mpaka viatu vimegoma kutoka. Alivuta kimoja, akavuta cha pili, akakata tamaa, akabaki navyo. Alikuwa na hamu ya kitu kimoja tu duniani, kitanda. Lakini mtoto alikuwa hajala, vyombo vilikuwa vimejaa kwenye sinki, na kule nyuma ya nyumba Kobe alikuwa anamsubiri.

Kobe ni jina alilopewa na mtoto. Dukani wanaiita roboti ya kusafishia bwawa la kuogelea: dude la plastiki la bluu, lenye mikanda badala ya miguu, linalotambaa chini ya maji likisugua sakafu na kumeza uchafu. Watu wakimwona husema eti anafanya kazi mwenyewe. Mwenyewe! Nani basi anamvuta nje kwa waya, anamwacha achuruzike, anamfungua kifuniko, anatoa chujio na kuliosha kwa mpira wa maji, anachomoa uchafu uliojisokota kwenye brashi? Muuguzi alikuwa anaogesha wagonjwa mchana kutwa, kisha anarudi nyumbani kuogesha mashine.

Nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya marehemu dada yake mkubwa, na bwawa hilohilo ndilo lililomuua. Alikutwa chini, upande wa kina kirefu, naye alikuwa anajua kuogelea kuliko wote. Siku zake za mwisho alikuwa na neno moja tu mdomoni: "Nimechoka, mdogo wangu. Natamani nilale tu." Muuguzi akahamia kumlea mtoto. Shemeji, ambaye kazi yake ni ya safari, alikuwa anatafuta mnunuzi, na kila akipiga simu alisisitiza jambo moja, bwawa liwe safi. Nani atanunua nyumba yenye maji ya kijani?

Vituko vilianza siku mtoto alipojikwaa uani. Alilia "Mama!" akamkimbilia yeye. Siku zote alikuwa anamwita mama mdogo. Muuguzi alimbeba, akaona raha, akaona na aibu, wala hakumsahihisha.

Jioni ya siku hiyo Kobe alitambaa mpaka upande wa kina kirefu. Ngrrrr... Tk.

Akageuka.

Hapakuwa na kitu pale. Maji matupu.

Alipomaliza kazi, sakafu yote ilikuwa inang'aa isipokuwa doa moja la uchafu, upana wa nyayo mbili zilizokaa pamoja. Kesho yake doa lilikuwa limesogea. Keshokutwa likasogea tena. Lilikuwa linaelekea kwenye ngazi.

Akamwita fundi. Fundi akamfungua Kobe, akamchungulia, akamjaribu.

"Mzima huyu, dada."

"Mbona anageuka katikati ya maji?"

"Hii ikigonga kitu inageuka. Isipogonga, inaendelea. Haina akili nyingine."

"Sasa amegonga nini?"

Fundi aliyatazama maji. Akayatazama muda mrefu. Halafu akaanza kukusanya vifaa vyake, na chai aliyowekewa hakuigusa.

"Dada," alinong'ona, "mtoto asikae huku nyuma."

Tangu hapo muuguzi hakupata usingizi wa maana. Mlango wa uani aliufunga kwa ufunguo, na ufunguo akawa anatembea nao mfukoni. Alikuwa anaogopa, na hakujidanganya anaogopa nini. Dada alikuwa anamfuata mwanawe. Jana doa lilikuwa limefika chini kabisa ya ngazi. Kwa hiyo leo begi la mtoto lilikuwa limeshafungwa, na kesho asubuhi wangeondoka, shemeji akasirike asikasirike.

Ilibaki jioni hii moja.

Akatoka uani, akarudisha mlango nyuma yake, akafungua kifuniko cha Kobe. Kwenye chujio kulikuwa na majani, wadudu... na nywele. Ndefu. Nyeusi. Zimejisokota mpaka kwenye brashi. Yeye kichwa chake alikuwa amekinyoa kwa ajili ya msiba, na mtoto hakuwahi kukanyaga maji yale tangu dada afe. Akazisogeza puani. Klorini. Na chini ya klorini, mafuta ya dada, yale ya kopo la njano.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "mimi sikumfundisha kuniita hivyo. Niachie mtoto, nakuomba."

Akamshusha Kobe majini. Akabonyeza. Ngrrrr...

Kobe akatambaa. Akafika kwenye ngazi.

Akapita.

Akaenda ukuta mpaka ukuta, akarudi, akaenda tena. Hakugeuka popote isipokuwa ukutani. Lile doa akalisugua likaisha, na bwawa zima likang'aa kama sahani. Muuguzi akajikuta anacheka peke yake, machozi yanamtoka. Amesikia! Dada amesikia, amekwenda zake. Akakaa ukingoni apumue kidogo.

Isipogonga, inaendelea.

Akaacha kucheka. Kama hakuna kitu tena ndani ya maji...

Akageuka nyuma. Kwenye saruji, kutoka ngazi za bwawa mpaka mlangoni, kulikuwa na nyayo. Mbichi. Na mlango aliourudisha ulikuwa wazi.

Hakukumbuka alivyofika chumbani.

Mtoto alikuwa amekaa kitandani, ametulia tuli. Asubuhi nywele zake zilikuwa timtimu, kwa kuwa muuguzi hakuwa na nguvu ya kuzisuka. Sasa zilikuwa zimesukwa mistari myembamba, iliyonyooka, na mkono ule ulikuwa wa mtu mmoja tu. Maji yalikuwa yanamchuruzika shingoni.

Tone... Tone...

"Nani kakusuka?"

"Mama."

Neno lilimchoma, hata katika hofu ile. "Yuko wapi?"

"Shh. Amesema usiogope. Hajaja kunichukua."

Muuguzi akashusha pumzi. Akamkumbatia mtoto kwa nguvu, na nguo yake yote ikalowa.

"Amesema yeye ameshapumzika vya kutosha," mtoto alinong'ona sikioni mwake. "Umechoka, mama mdogo. Amekuja kukupokea zamu. Ukalale."

"Nikalale wapi?"

Mtoto alinyoosha kidole dirishani. Kule nje ile ngrrrr ilikuwa imekoma.

"Kobe ameshapasafisha."

Alitakiwa apige kelele. Alitakiwa ambebe mtoto, achukue begi, akimbie. Yote hayo aliyajua. Lakini kitu kilichomtisha kuliko nyayo na nywele ni kwamba maneno yale yalimwingia vizuri, mwili mzima. Kulala. Maji baridi kwenye miguu ile.

Akatazama chini. Alikuwa peku.

Vile viatu vilivyogoma kutoka vilikuwa vimepangwa mlangoni, vizuri, pamoja, vimeelekezwa bwawani.