Kasuku Aliyetia Chumvi

Kila siku ya shule, saa kumi alasiri, Kasuku aliweka mkoba wake chini ya meza ya vitana na mafuta, akanawa mikono, kisha akakalia kigoda chake mbele ya televisheni ya saluni. Shuleni alikuwa na jina lake, lakini pale saluni hakuna aliyelikumbuka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuwasomea.

Tamthilia yenyewe ilitoka nchi ya mbali. Wahusika walizungumza lugha ambayo hakuna aliyeijua pale, na tafsiri ya Kiswahili ilipita chini ya picha kwa herufi ndogo kama sisimizi. Sasa mteja anayesukwa atasomaje, na kichwa kimeinamishwa? Na msusi atasomaje, na macho yake yako kwenye vidole? Kasuku alisoma kwa ajili ya wote. Akisoma, saluni ilikuwa kimya. Akimaliza, ndipo vita vilipoanza.

"Yule mama hana haya hata kidogo!" alifoka Fundi Cherehani, jirani wa mlango wa pili, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. "Unaachaje watoto miaka sita, halafu unarudi na sanduku kana kwamba ulikwenda sokoni?"

"Mimi simlaumu mama, namlaumu mwandishi," alijibu shangazi yake Kasuku, mwenye saluni. "Watoto wanalia, tunaonyeshwa. Mama huko alikuwa anakula nini, analala wapi? Hatuambiwi. Hadithi gani hii?"

"Mwandishi anataka tumchukie, shoga yangu. Na amefaulu!"

"NANI AMEANGUKA?" aliuliza kwa sauti kubwa Mwalimu Mstaafu, aliyekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele iliyomziba masikio. Wote wakacheka.

Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo ni mama aliyefua taulo za saluni kule nyuma, waliyemwita Mama Taulo. "Labda hakuwa na njia nyingine," alisema polepole.

"Njia!" Fundi alimkata kauli. "Si umesikia alivyosema mwenyewe? 'Nilichoka na watoto.' Kasuku alitusomea jana hapa hapa!"

Kasuku alitazama pembeni. Maandishi ya jana hayakusema hivyo. Yalisema, "Nilichoka kuwaona watoto wangu wakilala na njaa."

Ndiyo, Kasuku alikuwa anatia chumvi, na hakuanza jana. Maandishi yakisema mama alilia, yeye alisoma kwamba alicheka. Yakisema aliwakumbuka, yeye alisoma aliwasahau. Mama aliyekuwa anatukanwa pale kila alasiri hakuandikwa na mwandishi yeyote. Aliumbwa na Kasuku.

Kwa nini? Kwa sababu mama yake Kasuku naye aliondoka. Alimwambia, "Shule zikifungwa nitarudi." Shule zikafungwa. Kasuku akavaa gauni lake zuri, akakaa dirishani siku tatu mfululizo. Shule zikafunguliwa, zikafungwa tena, na sasa ulikuwa mwaka wa nne. Simu yake haikupatikana. Kasuku hakumlilia mtu yeyote. Alichofanya ni kumchukia yule mama wa kwenye tamthilia, kwa moyo wake wote.

Jumatatu, Mama Taulo alimwita kule nyuma kwenye mabeseni. "Mwanangu, hebu vua kiatu." Akatoa viatu vipya vya shule, vyeusi, vyenye kishikizo cha kufunga pembeni. Akamvalisha Kasuku, akabonyeza kwa kidole gumba pale mbele.

"Binti yangu ni rika lako," alisema. "Nilimwacha kwa bibi yake, nikaja kutafuta kazi. Mwanzoni nilikosa nauli ya kurudi, baadaye nikakosa uso wa kurudi nao. Lakini Ijumaa naenda. Nimeshamwambia anipokee kituoni." Akasita. "Eti, unadhani yule binti wa kwenye tamthilia atampokea mama yake?"

Kasuku alivitazama vile viatu. Mbona mwingine arudiwe na yeye asirudiwe? "Tutaona," alijibu, akavua viatu.

Alhamisi, yule mama wa tamthilia alifika mlangoni kwa binti yake. Binti akasimama akimpa mgongo, mabega yakimtikisika. Saluni nzima ilishusha vitana. Mama Taulo alikuja mbele, taulo mbichi mkononi. Maandishi yakapita: "Nimekasirika, mama. Lakini nilikungoja kila siku. Ingia."

"Mimi sina mama," Kasuku alisoma. "Rudi ulikotoka."

Kipindi kikaishia hapo. "Safi sana!" Fundi akapiga makofi. Mama Taulo alirudi kwenye mabeseni, na Kasuku akasikia maji yakimwagwa. Alitarajia kuona raha, lakini hakuiona.

Ijumaa alasiri, Kasuku aliingia saluni akapigwa na butwaa. Mama Taulo alikuwa pale pale, amepiga magoti mbele ya beseni.

"Hukusafiri?"

"Nikafanye nini? Nikaambiwe mbele za watu kwamba sina mtoto?" Mama Taulo alifuta mikono, akamkabidhi mfuko. Ndani yake mlikuwa na vile viatu. "Chukua wewe. Vimekutosha."

Kabla Kasuku hajajibu, simu ya Mama Taulo ikaita. Akaibonyeza spika kwa kidole chenye povu. Sauti ya mama yake mzee ikajaa saluni nzima.

"Uko wapi wewe? Niko na mtoto hapa kituoni, amekaa tangu saa tatu asubuhi. Hata shule hakwenda. Kila basi likisimama anainuka. Amevaa gauni lake la sikukuu, hataki kula, hataki kurudi nyumbani. Nimwambie nini?"

Gauni. Kasuku aliliona dirisha lake, akajiona mwenyewe amekaa pale. Akaanza kulia, kilio kile alichokuwa amekibana miaka minne.

"Nilidanganya!" alisema kwa nguvu, na kila kichwa kikageuka. "Hakusema arudi alikotoka. Alisema, 'Nimekasirika, mama, lakini nilikungoja kila siku. Ingia.' Mimi ndiye niliyebadilisha. Nimebadilisha tangu mwanzo!"

Fundi aliinamisha macho. Mama Taulo alikaa sakafuni, juu ya taulo chafu.

"Mpe simu mwanangu," alimwambia mama yake. Kisha sauti ndogo ikauliza, "Utakuja kweli?"

"Kesho asubuhi. Nisamehe, mwanangu. Niliogopa."

Alipokata simu, alimtazama Kasuku kwa macho mekundu. "Wewe sina la kukwambia leo," alisema. Akachukua mfuko wa viatu, akaondoka.

Jumatatu alipiga simu, akicheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa amefika, na binti alikuwa amempokea. Ila viatu vilimbana. "Mguu wake umekua kuliko nilivyodhani," alisema. "Mwambieni Kasuku namsalimu."

Siku hiyo Kasuku hakukalia kigoda. Shangazi yake alikivuta mwenyewe, akamketisha, akapiga magoti mbele yake.

"Utasoma wewe, lakini utasoma kilichoandikwa. Tulijiona mahakimu hapa, mwanangu, kumbe tulimhukumu mtu kwa maneno ya uongo. Na uongo wako haukuishia kwenye televisheni. Ulikwenda kumkalisha mtoto kituoni kutwa nzima. Ukiwa na uchungu, sema una uchungu. Usiuvishe maneno ya mwingine."

"Nina uchungu, shangazi," alisema Kasuku. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema hivyo. "Mama yangu atarudi?"

Shangazi alimshika mikono yote miwili.

"Sijui, mwanangu. Natamani kukwambia atarudi. Lakini nikisema hivyo, nami nitakuwa nasoma yasiyoandikwa."

Kasuku aliegemea bega lake, akalia mpaka akatosheka, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akafuta uso kwa taulo, akageukia televisheni, akawasomea neno kwa neno.