Jua la Pili Bondeni

Jua la alasiri liliwaka juu ya Dodoma, lakini Bwana Lukindo Semwaiko alipoegemeza shavu lake kwenye dirisha la sebule, alikikuta kioo baridi kama mtungi wa maji. Ukuta mzima wa magharibi ulikuwa kioo kitupu, kutoka sakafuni hadi darini, na fremu zake zilikuwa nyembamba kama mstari wa penseli.

"Injinia, nyumba yote hii inapozwa kwa umeme kiasi gani?"

"Usiozidi wa friji mbili," alijibu Nyemo Chilongani.

Semwaiko akacheka kama mtoto aliyepewa zawadi.

Miaka hiyo joto lilikuwa limezidi hata jiji likatunga sheria: nyumba ikitumia umeme mwingi kujipoza, inakatiwa. Matajiri wakarudi kwenye kuta nene na vidirisha vidogo. Nyemo ndiye aliyewafungulia tena mandhari. Kioo-kinga chake kilikuwa na tabaka mbili zenye ombwe, nafasi isiyo na hewa, katikati, na juu yake utando wa madini, uliokazwa au kulegezwa kwa amri ya sauti, uliopitisha mwanga ndani na kulirudisha joto nje.

Muundo wa kwanza ulikuwa na kitu kimoja zaidi: kigeuzi, safu ya vibamba vidogo vilivyolielekeza joto lile angani. Lakini kigeuzi kilihitaji fremu pana kama kiganja.

"Sikujenga mlimani ili nitazame fremu," Semwaiko alikuwa amesema.

Nyemo akakiondoa. Bila kigeuzi, joto lilidunda kama mpira ukutani: jua likiinamia magharibi, joto lilishuka bondeni. Alijua kwamba huko chini ni mashamba ya zabibu. Joto kidogo, alijiambia, haliiui mizabibu.

Wiki chache baadaye ofisi ya Nyemo ilipata msiba. Sechelela Mbeleje, mchoraji wa ramani za kampuni, alifiwa na baba yake, mkulima wa zabibu, aliyeanguka shambani akipogoa. Wafanyakazi wote walikwenda kuhani. Gari lilipokata kona ya mwisho, Nyemo akaiona nyumba ya Semwaiko juu yao.

Wanawake walikuwa wamekaa uani kwenye mikeka. Alasiri ilipoingia, waliinuka bila kuambiana, wakaiburuta mikeka yao hadi nyuma ya nyumba. Nyemo alibaki. Ghafla joto likamshika usoni, kana kwamba amesimama mbele ya tanuri lililofunguliwa.

"Njoo huku, mwanangu," mjane alimwita. "Hilo ni jua la pili. Linapita hapa, linaingia kwenye zabibu, kisha linakwenda zake."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ile nyumba ya mlimani iishe. Lilimkuta mzee huko shambani. Daktari alisema ni joto. Sisi tukasema ni umri."

Nyemo akatazama juu. Vioo havikumeta hata kidogo. Utando ulirudisha joto bila mwanga, kwa hiyo watu wa bondeni hawakuwa na kitu cha kunyooshea kidole.

Kesho yake alirudi na kipimajoto, akapima uani na shambani. Kisha akapanda mlimani.

"Una hakika ni vioo vyangu?" Semwaiko aliuliza.

"Nina hakika. Tuweke fremu pana zenye kigeuzi."

"Hapana." Alisema kwa upole, kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai. "Tutawahamisha wale watu. Nitawajengea mahali pazuri kuliko pale."

"Walikuwapo kabla yako, Bwana Semwaiko. Na mmoja wao tumeshamzika."

"Mzee wa miaka themanini, injinia."

Nyemo akageukia ukuta. Nyumba ile bado iliitii sauti ya aliyebuni vioo vyake. "Nyumba," akasema, "legeza utando. Madirisha yote. Na usipokee amri nyingine mpaka kigeuzi kifungwe."

Joto likaingia sebuleni kama mgeni asiyebisha hodi. Vipoza-hewa vikanguruma, vikavuka kiwango cha jiji, vikazimika. Jasho likamtiririka Semwaiko hadi kwenye kola.

"Leo umejifukuzisha kazi. Na leseni yako nitaifuatilia."

"Najua."

Alishuka bondeni kwa miguu. Sechelela alikuwa nyuma ya jiko, akisugua masufuria ya msibani.

"Sechelela, nisikilize. Joto lililomuua baba yako lilitoka kwenye madirisha yangu. Kigeuzi nilikiondoa mimi, na nilijua joto litashuka."

Sechelela aliendelea kusugua mahali palepale palipokwisha kung'aa.

"Zile fremu nilizichora mimi, dada Nyemo," akasema. "Uliponiambia nizipunguze, nilizipunguza kuliko ulivyotaka. Nikaona fahari. Nikampelekea baba picha."

"Alisemaje?"

"Alisema ni nzuri. Alisema hajawahi kuona nyumba nzuri kama ile."

Nyemo akakaa chini kwenye majivu. Ndani, mjane alikuwa akikohoa, akimwita mtu amletee maji.

"Mama hajui lolote," Sechelela akasema, akijifuta mikono kwenye kanga. "Nani kati yetu atamwambia?"

Wakainuka wote wawili, wakayachota maji, wakaingia ndani.